Viti vya Mama Doto

Viti vya kukodi vilifika asubuhi kwenye kigari cha mizigo, kirikuu, vya plastiki, vyeupe, vimepandana mpaka vinataka kumwagika, na jamaa wa turubai akaniuliza kama vitatosha. Nikamwambia vitatosha. Ulikuwa msiba wa mama yangu na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa shughuli, daktari, mwenye simu isiyonyamaza, mtu wa kuulizwa sufuria ziko wapi na padri anafika saa ngapi. Nilikuwa nimevuka kutoka Mwanza kwa daraja, gari halikusimama hata kidogo, mahali ambapo zamani tulingoja kivuko mpaka ndizi zikaivia kwenye tenga. Nikawa najiona niko imara. Ndipo akaja Mama Doto, jirani yetu wa tangu nikiwa mtoto, sasa bibi wa kutembelea fimbo, na nyuma yake wajukuu zake wawili wamebeba kiti. Si cha plastiki. Kiti cha sofa, cha mbao ya mninga, mikono mipana, mito imebadilishwa vitambaa sijui mara ngapi, lakini mikono ni ile ile. "Kiwekeni hapo," akawaambia. "Huyu akikaa mkekani hanyanyuki, hamwoni magoti yake? Kaa, Minza." Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, kaa." Sikukaa. Nikasema kuna wageni wa kupokea barabarani, nikaondoka, na siku ile yote nilisimama, nikazunguka, nikabeba hata visivyonihusu, mpaka miguu ikavimba. Watu wakasema jamani mtoto wa marehemu anahangaika, mwacheni atulize moyo. Wangejua! Nilikuwa nakikimbia kiti.

Kiti kile na mimi tulikutana mwaka mmoja, mwaka wangu wa kwanza chuoni, na ni huo tu ninaotaka kuusimulia. Mengine ya nyumbani kwetu, baba alikwenda wapi, sekondari nilisomeshwa na nani, hayana nafasi hapa. Chuo kilikuwa ng'ambo ya mpaka, Kampala, nasomea udaktari wa mifugo, na hata leo nikitamka hivyo kifua kinapanuka kidogo, ujinga ule ule. Msukuma kuvuka mpaka kwenda kusomea ng'ombe! Pale kwetu Sengerema walinicheka mpaka basi. Sasa, chuo kile kilikuwa na ada mbili, ya watoto wa nchi ile na ya wageni, na sisi wageni tulilipa karibu mara mbili ili kukaa darasa lile lile na kuchanganywa na mifupa ile ile. Mfuko mmoja wa elimu wa pale Mwanza ulikuwa umenikubalia ufadhili wa nusu ya ada, na nusu hiyo ilikuwa ya ile ada ndogo, kwa sababu nilipojaza maombi niliandika ile ninayoijua. Sikudanganya. Sikujua tu kwamba kuna nyingine. Mama aliuza alichokuwa nacho cha kuuza, muhula wa kwanza ukapita, wa pili ukanikuta mikono mitupu.

Bwenini nilikaa chumba kimoja na msichana wa kule aitwaye Sanyu, vitanda viwili, meza moja, na jiko dogo la umeme ambalo lilikatazwa na kila chumba kilikuwa nalo. Sanyu alipika jioni, matoke na mchuzi wa karanga, harufu inajaa mpaka ndani ya shuka. "Minza, njoo ule." "Nimefunga." "Umefunga tena? Kwani wewe ni dini gani?" Nilikuwa Mkatoliki wa kawaida kabisa ambaye hata Kwaresima alikuwa anaiba nyama jikoni. Lakini mwanzoni mwa mwaka Sanyu alikuwa ameniuliza kama ni kweli Wasukuma wana ng'ombe wengi, nikasema ni kweli, na ni kweli wanao. Nikamwacha ahesabu ng'ombe wa kabila zima kuwa wa kwetu. Baada ya hapo ningemwambiaje kwamba sina cha kula? Binti wa ng'ombe mia hakopi ndizi. Nikawa nafunga. Nakumbuka nimejilaza nimeelekea ukutani, najifanya nasoma, na yeye anakula polepole, kijiko kinagonga sahani, nami namchukia kwa kila kijiko, masikini Sanyu wa watu ambaye kosa lake lilikuwa kunikaribisha.

Mhasibu wa chuo alinieleza bila ukali. Asiyemaliza ada hafanyi mtihani wa mwisho wa mwaka, na mgeni asiyefanya mtihani nafasi yake anapewa mwingine. Akasema, "Rudi kwa wafadhili wako, kata rufaa, waombe wakuongezee. Wengi wanaongezewa." Nikapanda basi la kuzunguka ziwa, Mutukula, Bukoba, Geita. Na basi hilo, kabla ya kufika kivukoni, linapita Sengerema katikati, linasimama stendi watu wanunue mihogo. Nilikuwa dirishani. Nilipoona tunaingia mjini nikajifunika khanga kichwani, nikajikunyata chini kama mgonjwa, nikakaa hivyo mpaka likaondoka. Nyumbani kwetu kulikuwa mwendo wa kutafuna muwa mmoja kutoka pale, na mama pengine alikuwa uani anaanika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa ambavyo ndivyo tulivyokula kila mwaka mahindi yanapokwisha. Nikapita. Ningeshuka ningelazimika kumweleza kwamba mtoto aliyeagwa kwa maombi ya kanisa zima amerudi kwa sababu ya ada.

Mwanza nilifikia Igogo kwa shangazi, muuza dagaa, chumba kimoja kilichonukia dagaa mpaka kwenye maji ya kunywa. Yule mama alikuwa na akili. Asubuhi aliponiona najiandaa akaweka kikombe chini. "Unakwenda wapi?" "Kwa watu wa mfuko, kukata rufaa." "Na hilo koti?" Lilikuwa koti la Sanyu, la suti, aliniazima akidhani nakwenda kwenye harusi ya binamu. "Shangazi, ni ofisi." "Ofisi ya kuomba!" akasema. "Wee Minza, mtu anaomba amevaa kama anayeombwa? Vaa kandambili zangu hizo, nywele ziache hivyo hivyo zilivyosimama, ukifika usikae mpaka uambiwe." Nikacheka, nikavaa koti. Nilimwona mshamba. Nikatembea kwa miguu mpaka Nyamagana ili nauli ibaki, nikapangusa vumbi viatu kwa gazeti kabla ya kupanda ngazi.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati. Ndani walikuwa wawili, Bwana Lukas, mtu mzima wa sauti ndogo ambaye ndiye mkubwa, na Dada Getruda, mwandishi wake, mwanamke wa haraka haraka. Bwana Lukas aliisoma barua yangu ya rufaa yote, akarudi juu akaanza tena, mimi nangoja sifa. "Binti," akasema, "Kiswahili chako kimenyooka. Lakini nimetafuta mahali unaposema huna, sijapaona." Nikamwambia nimeandika changamoto za kiuchumi. "Changamoto hata mimi ninazo," akasema, akacheka, na Getruda naye akacheka. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayekusaidia kuvuka mtaro, "Nyumbani hali ikoje?" Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwepo na ni mafupi, mzee, sisi ni maskini, mama yangu ameuza mpaka mabati ya banda. Getruda alikuwa ananitazama lile koti. Nikasema, "Tunajitahidi, mzee." Bwana Lukas akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi kamati haiwezi kuongeza kwa karatasi hii. Jumamosi tutakwenda kuona nyumbani, tuzungumze na mama. Tukiona, tutaandika tulichokiona. Kamati ikikubali utafanya mtihani, ikikataa hatuna njia nyingine."

Kwetu simu ilikuwa moja ya maana, ya mezani, kwenye ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba alikofanya kazi Baba Doto, mume wa huyu Mama Doto. Nikapiga kutoka dukani, nikaagiza mama aitwe, nikapiga tena kesho yake. Alikuwa anashika simu kwa mikono miwili, najua, na anapaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya mto. "Mayu! Hujambo? Unakula?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo alivyowaita mabinti. Nikasema nakula. Nikamwambia niko Mwanza kwa shughuli ndogo, na Jumamosi nakuja na wageni, watu wa mfuko, wale wanaonilipia. "Wanakuja kufanya nini?" "Wanakuja kuona nyumbani, mama." "Kuona nyumbani," akarudia. Nyuma yake niliwasikia makarani wanacheka jambo lao, na mbele yangu mwenye duka alikuwa amejilaza kaunta anasikiliza yangu. "Kuona tu?" "Kuona na kuzungumza na wewe." Nilitakiwa kuongeza sentensi moja. Wanakuja kuhakikisha kwamba hatuna, mama, usifanye kitu, wakute tulivyo. Nikamtazama mwenye duka, nikawasikia makarani, nikasema, "Basi mama, tutaonana." Akasema, "Haya mayu, kazi nimeielewa." Na kweli aliielewa, kwa vile nilivyomwambia. Kwa Wasukuma watu wanaokuja kuona nyumbani kabla ya kutoa ni wa aina moja tu, washenga. Wanakuja na maneno matamu na macho makali, wanatazama ukuta, wanatazama kuku, wanatazama wanavyokaribishwa, na nyumba ikionekana haina heshima ng'ombe wanapungua. Mama alikuwa ameozesha wadogo zake. Alijua wageni wa namna hiyo wanapokelewaje, na hakuwa na sababu ya kudhani kwamba kuna watu duniani wanaotoa zaidi wakikukuta huna kiti.

Jumamosi nilipanda gari lao, nikakaa kiti cha nyuma, nawaonyesha njia. Tulipokata kona nikadhani nimepotea. Ukuta wa mbele ulikuwa umepakwa chokaa, wa mbele tu. Uani pamefagiliwa kwa mistari. Mama akatoka amevaa kitenge ambacho sikukijua, akapiga magoti kwa wote wawili. "Kalibuni baba, kalibuni mayu, piteni ndani." Nikaingia nyuma yao. Chumba chetu cha mbele, ambacho mimi nilikifahamu kina ndoo ya maji, mkeka na kigoda, kilikuwa na viti vya sofa, vitambaa vya kufuma vimetandikwa mgongoni, kabati la vioo lenye glasi na sahani za maua, chupa ya chai, redio kaseti. Vyote vya Mama Doto. Nilivitambua kimoja kimoja kwa sababu utotoni nilikatazwa kuvigusa. Na kabla mtu hajasema lililomleta, maji ya kunawa yakaja, chakula kikaja, maana kwetu neno haliwekwi mbele ya mgeni mwenye njaa. Wali mweupe. Sato mzima mzima wa nazi, nazi ya kununua mjini. Na kuku, na nilipomwona nilijua ni yule mtetea mwekundu, wa pekee tuliyebaki naye, ambaye kwa hesabu zangu alikuwa bado anaatamia.

Bwana Lukas alikula vizuri, akasifu, akaongezewa kabla hajakataa. Mimi nilitoka kuleta maji, na dirisha lile halikuwa na kioo, lilikuwa na mbao tu. Nikasikia sauti ya Getruda. "Mzee, kabati la vioo. Mimi nyumbani kwangu sina." Bwana Lukas akasema kula kwanza. "Nakula, lakini nasema. Wale waombaji wengine tuliowaona asubuhi walitukalisha kwenye debe. Huyu binti na lile koti, na redio hiyo? Kuna wenye shida kuliko yeye." Mfupa ukavunjwa. Kisha Bwana Lukas, kwa masikitiko, niseme haki yake, "Ndiyo hivyo, Getruda. Siwezi kuandika nisichokiona."

Nikakimbilia jikoni, kile kibanda cha nyuma. Mama alikuwa anakwangua ukoko, uso umeng'aa kwa moto na furaha. "Mama, umeniharibia." Akashtuka. "Chumvi imezidi?" "Si chumvi! Viti! Kabati! Hawa watu wamekuja kuangalia kama sisi ni maskini ndiyo waniongezee ada, na nisipoongezewa sifanyi mtihani, nafukuzwa. Sasa wameona matajiri. Wanakwenda kuandika hapana." Nilikuwa nasema kwa kunong'ona lakini kunong'ona kwenyewe kulikuwa kupiga kelele. Aliendelea kushika mwiko, ameuelekeza chini, ukoko unaanguka. "Ulisema wanakuja kuona nyumbani," akasema. "Ndiyo." "Hukusema kuona umaskini." Akanitazama, na wala hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayetafuta alikoweka kitu. "Si ungesema, mayu. Umaskini ninao. Ningewaonyesha." Kisha akanawa mikono, akaingia chumbani kwake, akatoka amevaa khanga yake ya siku zote, ile iliyopauka mpaka maandishi hayasomeki, na kile kitenge amekikunja mkononi.

Hakuwakatisha wageni chakula. Alingoja wamalize, akawanawisha, akaondoa vyombo. Halafu akasimama mbele ya Bwana Lukas, akasema kwa adabu ile ile, "Baba, nisamehe. Nyanyuka kidogo." Mzee wa watu akanyanyuka. Mama akainua kiti, akakipindua, akajitwisha kichwani, akatoka nacho. Getruda akaniuliza, "Anakwenda wapi?" Kwa Mama Doto ni hatua chache lakini njia inapita mbele ya kisima na ilikuwa saa ya watu kuteka maji, kwa hiyo wanawake waliokuwa kwenye foleni walimwona akienda na kiti, wakamwona akirudi mikono mitupu, wakamwona akienda na kingine. Wa kwanza walimsalimia. Baadaye hawakusalimia, walitazama tu. Akapeleka redio. Akapeleka chupa ya chai na vitambaa, na kitenge juu yake. Aliporudi safari moja Bwana Lukas akamwambia, "Mama, basi, tumeelewa, inatosha." Akasema, "Bado, baba. Nimewaonyesha vya watu, ngoja niwaonyeshe na vyangu."

Likabaki kabati. Lile halibebwi na mtu mmoja. Mama alitoa glasi zote, akaziweka chini kwenye mkeka, akashika upande mmoja, akainama, akangoja. Hakuniita. Wala hakunitazama, alikuwa anatazama ukuta. Na mimi nilikuwa hapo hapo, mgongo ukutani, mwenye nguvu zangu za miaka ishirini, na koti la Sanyu. Niliona kabisa kwamba ule upande wa pili ni wangu. Nje walikuwa wale wanawake wa kisimani, wengine tumesoma wote, na nikawaza watakavyoniona mimi, mwanafunzi wa Kampala, natoka mlangoni nimekumbatia kabati la kuazima. Sikusogea. Bwana Lukas akanitazama mara moja. Kisha akaweka kalamu chini, akakunja mikono ya shati, akashika upande wa pili, na wakatoka wote wawili, mgeni na mama yangu, wanaelekezana, "Kushoto baba, kuna jiwe hapo." Niseme ninavyokumbuka, si ninavyotamani ingekuwa: sikumwonea mama huruma saa ile. Nilimwonea aibu. Nilitamani angekuwa mama wa mtu mwingine.

Waliporudi mama akapeleka na zile glasi na sahani, chumba kikawa kitupu, sakafu ya udongo inaonekana yote, na mlangoni alama za chokaa ilipoishia. Mama akaleta kigoda, akakifuta kwa khanga. Akatandika mkeka. "Hivi ndivyo vyangu. Kalibuni mkae, tuzungumze." Bwana Lukas akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kifuani. Getruda akavua viatu vyake vya visigino, akakaa chini mkekani, akakunja miguu vizuri. Akauliza kwa sauti ya chini kama chakula kile nacho ni cha kuazima. "Kuku ni wangu," mama akasema. "Wali na samaki nimekopa, nitalipa kwa kulima." "Na jioni mngekula nini?" Mama akaenda jikoni, akarudi na chungu, akafunua. Michembe, imechemshwa na chumvi. Getruda akaandika. Aliandika muda mrefu bila kuinua kichwa, na nikaona anajifuta pua kwa kiganja.

Kamati iliongeza. Waliongeza ada yote, na posho ya chakula juu yake ambayo wala sikuiomba. Nikafanya mtihani, nikafaulu, miaka ikaenda, nikawa huyu daktari anayepigiwa simu na watu wenye maziwa na watu wenye maksai kutoka Magu mpaka Geita. Mimi na mama hatukuizungumzia ile Jumamosi hata siku moja. Nilipoanza kazi, mshahara wa kwanza ambao ulitosha niliununulia seti ya sofa, nyekundu, ya dukani kabisa Mwanza, nikaivusha kwa kivuko, nikaipanga mwenyewe. Nilitegemea sijui nini. Mama alifurahi, akapiga vigelegele, akaita majirani. Na hakuikalia. Nilikuja likizo hii, ile, nikamkuta kwenye kigoda, sofa imefunikwa nailoni. "Mama, si ukae!" "Hivyo ni vya wageni, mayu." Nikagomba. Nikamwambia hii ni nyumba yako na viti vyako, hakuna wa kuja kuvidai. Akanijibu amezoea. Nikaondoka nimekasirika, na nilikuwa nakasirika hivyo kila likizo, na kila mara njiani nilijua ninayemkasirikia si yeye.

Tulimzika alasiri, upande wa mihogo. Watu walipoanza kupungua nikamkuta Mama Doto amekaa peke yake chini ya turubai, na kile kiti alichoniletea kiko kando yake, hakijakaliwa na mtu. "Umekikataa kiti changu," akasema. Nikaanza kusema nilikuwa na shughuli, mama, ulivyoona wageni ni wengi. Akapunga mkono. "Wee Minza, acha. Siku ile mimi nilikuwa mlangoni kwangu napokea vitu, nimesimama kama mjinga. Mama yako alipoleta kiti cha kwanza nikamwambia, mwite Minza msaidiane, kabati utalibebaje? Unajua alinijibu nini?" Nikasema sijui. "Akaniambia, muache mtoto, anaona aibu." Mama Doto alisema hivyo bila kunilaumu, kama unavyosimulia mvua ya mwaka fulani. Kwa hiyo mama alijua. Kabla ya kabati. Tangu kiti cha kwanza alikuwa ameshaniona pale ukutani na kujua ninachokiona aibu ni nini, na akapita mbele yangu, akaenda, akarudi. Miaka yote nilikuwa nimejipa moyo kwamba alikuwa hanitazami.

Nikauinamia mkeka uliokuwa karibu, nikalia kwa sauti, mimi ambaye kaburini sikulia. Mama Doto aliniacha. Nilipomaliza akasema jua linakwenda, wajukuu zake wamepotelea wapi wamrudishie kiti. Nikamwambia nitakirudisha mimi. "Utabeba kwenye gari?" Nikajifunga khanga kiunoni, nikakipindua kiti, nikajitwisha. Wakaja mbio, vijana, akina mama wa jumuiya, "Daktari, jamani, lete tubebe!" Nikasema niacheni. Nikaishika ile njia inayopita kisimani, siku hizi ni bomba, na watu walikuwepo na ndoo zao, wakageuka wote. Baadhi yao nimewatibia ng'ombe. Nikawasalimia, wakaitikia, wakatazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito. Miaka thelathini nimekuwa nikijiambia viti vile vilikuwa vizito, mama alikuwa amezoea kubeba kuni na maji, mimi nisingeviweza. Nilifika mlangoni kwa Mama Doto sijahema hata kidogo. Kilikuwa chepesi.